Maumivu ya wazee yana chanzo na yana tiba

Katika mtaa wa Mutakura, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, kama kwingineko nchini, maumivu ya magoti, kiuno na mgongo mara nyingi huhesabiwa kuwa sehemu ya uzee. Hata hivyo, maumivu yana chanzo, nacho hutakiwa kutafutwa kabla ya kununua dawa.

Kwa maumivu ya kawaida, dawa ya kwanza ni parasetamoli. Kiasi chake kwa mtu mzima hakipaswi kuzidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mzee aliyekonda au mwenye ugonjwa wa ini hupewa pungufu ya hapo.

Ibuprofeni na diklofenaki zahitaji tahadhari zaidi. Dawa hizo huweza kusababisha vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhoofisha figo. Kuzimeza zote mbili kwa pamoja huongeza madhara.

Kutembea kidogo kila siku, kukanda kwa maji ya moto na kutumia mkongojo hupunguza maumivu ya viungo.

Maumivu makali ya saratani huhitaji mofini, chini ya uangalizi wa mganga. Nchini Uganda, wauguzi waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kuiagiza tangu mwaka 2004.

Mzee aliyepoteza kumbukumbu huenda asiweze kusema anapoumwa. Hutambuliwa kwa kukunja uso, kukataa chakula au kukosa usingizi. Anayetapika damu, kupata choo cheusi au kupungukiwa mkojo afikishwe hospitalini mara moja, pamoja na dawa zote anazotumia.