Sekondari yetu ilitengenezwa kwa kazi gani?

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka tunapakana poda, pikipiki zinapiga honi, furaha mtaa mzima. Kisha swali linarudi: na kazi iko wapi? Wengi wanalaumu vijana, wengine walimu. Mimi naona tuanzie mbali kidogo, juu hii masomo yetu ina historia.

Wakati wa ukoloni, karibu masomo yote yalikuwa mikononi mwa misioni. Mbeleji hakutafuta Mkongomani wa kuongoza. Alitafuta karani, katekista, fundi, na msaidizi. Hilo neno « msaidizi » tuliangalie vizuri. Kule Kisantu, Chuo Kikuu cha Louvain kilianzisha shule za wasaidizi wa waganga na wasaidizi wa kilimo. Walisoma kwa nguvu na walizoezwa kazi yenyewe, lakini walikomea pale. Juu yao alikaa Mzungu. Asiyeenda seminari alingoja mpango wa 1948 ndipo apate sekondari ya miaka 6 yenye kufungua mlango wa universite. Lovanium yenyewe ilianza 1954.

Upande wa kilimo kulikuwa na kidonda kingine. Tangu 1917, sheria ililazimisha wanakijiji kulima mazao kama pamba, na asiyelima aliweza kufungwa. Watoto wa masomo nao walilima mashamba ya misioni. Hivyo jembe likawa azabu, kalamu ikawa njia ya kuponea. Mpaka leo, kwenye shule nyingi, mwanafunzi akichelewa anapewa nini? Kufyeka majani.

Tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya universite hawakufika 30. Lumumba mwenyewe alikuwa amesomea kazi ya posta, akawa karani wa posta Stanleyville. Lakini angalieni wale wasaidizi wa waganga: OMS iliwapeleka makumi yao Ufaransa, na baada ya miaka michache wakarudi madaktari kamili. Maana yake msingi wao ulikuwa muzuri. Walikuwa wamefungiwa mlango tu.

Sisi tulifungua mlango, lakini msingi tuliuacha. Kila mzazi alikuwa ameona nani anakaa bilo, basi akataka mtoto wake aende huko. Exetat ilikuja 1967, na ilikuwa jambo zuri: mtihani mmoja kwa nchi nzima, mtoto wa kijijini na wa mjini swali lilelile. Lakini sehemu kubwa yake ni kuchagua jibu kwenye karatasi. Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, pesa ya Serikali kwa masomo ikapungua, na tangu miaka ya 1990 wazazi njo walibeba mwalimu. Shule ya ufundi inaomba chuma, mbegu, mashine. Pedagojia na komersiali zinaomba chaki. Mkuu wa shule asiye na pesa atafungua option gani?

Nilipofika fakilte ya agronomia, nilikuta wenzangu wenye diploma ya Serikali ya option ya kilimo. Mzunguko wa mazao waliuchora vizuri kwenye daftari, lakini hakuna siku shule yao iliwapa kamba wapime hata ari moja ya shamba. Hawana kosa.

Mkoloni alitupa kazi ya mikono akatunyima madaraka. Sisi tulishika diploma tukaacha kazi ya mikono, tukiamini huo njo uhuru. Programu mpya peke yake haitaponya hilo, kama shamba la shule linabaki mafasi ya kuazibia watoto. Wenzangu mnaofundisha, ao wenye shamba na karakana, pokeeni wanafunzi wa staji na muwape kazi ya kweli, si kufagia.

Na wewe unayesoma: shule yako ya sekondari ilikuwa na shamba? Lilikuwa la kufundishia ao la kuazibia?