Cheti cha kafara na cheti cha amani

Kila Jumapili mamilioni ya Wakristo husimama kanisani na kukiri kwamba wanasadiki maondoleo ya dhambi. Maneno hayo hutamkwa haraka, na pengine anayeyatamka ameshaanza kuwaza chakula cha mchana. Lakini palikuwa na wakati ambapo jambo hilo liliugawa mji mzima, likatenganisha jamaa, na kuwafanya maaskofu wa pande mbili za bahari ya Mediterania waandikiane barua za ukali. Mji huo ulikuwa katika bara letu hili la Afrika. Ni Carthage, karibu na ulipo mji wa Tunis leo. Mwaka ulikuwa 250.

Kaisari Decius alitwaa madaraka mwaka 249, wakati Dola ya Kirumi inayumba na maadui wanabisha hodi mipakani. Yeye aliona dawa ni kurudisha radhi za miungu ya zamani. Akatoa amri kwamba wakazi wa dola watoe kafara. Mtu alifika mbele ya kamati ya mji au kijiji chake, akamwaga divai, akaonja nyama ya sadaka, kisha akapewa cheti. Vyeti hivyo si hadithi. Zaidi ya 40 vimefukuliwa katika mchanga wa Misri, vimeandikwa kwenye karatasi za mafunjo. Kimojawapo ni cha mzee wa miaka 72 mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia, maana siku hizo hapakuwa na picha ya pasipoti. Mzee huyo anadai kwamba siku zote amewatolea miungu kafara, kwamba sasa ametoa tena mbele ya wajumbe, na anaomba wamtilie saini.

Asiyekuwa na cheti alikuwa hatarini. Wapo waliofungwa, wapo walioteswa, wapo waliouawa. Askofu Fabian wa Roma alikufa Januari 250, mwanzoni kabisa mwa msukosuko huo. Lakini walio wengi hawakungoja kuburutwa. Cyprian, askofu wa Carthage, ameandika kwa uchungu jinsi waumini wake walivyokimbilia uwanja wa mji kwa hiari yao. Walifurika mno hata maofisa, kwa kuwa jua lilikuwa linakuchwa, wakataka kuwaahirisha hadi kesho yake, na watu wakawasihi wahudumiwe siku hiyo hiyo. Wazazi walikwenda na watoto mikononi. Wengine walifanya ujanja wa mjini: waliwahonga maofisa wakapata cheti bila kugusa kafara, wakarudi nyumbani wakijiambia kwamba mikono yao ni safi.

Naye Cyprian alikuwa wapi? Alikuwa amejificha, akiliongoza kanisa lake kwa barua. Mapadre wa Roma, ambao askofu wao alikuwa ameuawa, hawakukosa kumpiga kijembe kuhusu mchungaji anayekimbia mbwa mwitu akija. Hilo tulikumbuke, maana lilimfunga mikono. Mtu aliyejificha anawezaje kumhukumu aliyeanguka?

Tufani ilipoanza kupungua, walioanguka walirudi mlangoni pa kanisa. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo halikuwa na jibu tayari. Kwamba ubatizo unafuta dhambi zote, hilo halikuwa na ubishi. Lakini dhambi iliyotendwa baada ya ubatizo, tena dhambi ya kumkana Kristo mwenyewe? Katika mji huo huo wa Carthage, miongo kadhaa kabla, mwandishi hodari Tertullian alikuwa amefundisha katika ujana wake wa imani kwamba toba ya pili ipo, mara moja tu, kama ubao anaoushika mtu ambaye jahazi lake limevunjika. Uzeeni aligeuka akawa mkali: kuabudu sanamu, uzinzi na uuaji, alisema, kanisa lisithubutu kuvisamehe. Maandiko yenyewe yalisomwa huku na huku. Huyu alikumbusha onyo la Yesu kwamba atakayemkana mbele ya watu naye atakanwa mbele ya Baba. Yule alimtaja Petro, aliyekana mara tatu katika usiku mmoja na bado akakabidhiwa kondoo.

Wakati wakubwa wanajadili, watu walipata njia ya mkato. Magerezani walikuwamo Wakristo waliokataa kutoa kafara, na waumini waliwaheshimu kupita kiasi. Iliaminika kwamba aliyeteseka kwa ajili ya Kristo ana neno lenye uzito mbele za Mungu. Basi walioanguka wakawaendea, nao wakawaandikia vyeti vya amani: huyu apokewe. Mwanzoni vilikuwa vichache. Baadaye, Cyprian analalamika, vilitolewa kwa maelfu kila siku. Vingine havikutaja hata idadi, viliandikwa tu kwamba fulani apokewe pamoja na watu wake, na huyo fulani akaja na watu 20, 30 au zaidi. Mmoja wa waliofungwa, Lucianus, alivitoa kwa jina la shahidi aliyekwisha kufa, akisema marehemu ndiye aliyemwagiza.

Naomba msikilizaji upatazame vizuri hapa. Mtu yule yule aliyenunua karatasi ya kusema ametoa kafara sasa anaonyesha karatasi nyingine ya kusema amesamehewa. Katikati ya karatasi hizo mbili hakuna chozi lililodondoka. Mapadre kadhaa wa Carthage waliokuwa na ugomvi wao na askofu walizikubali na kuwakaribisha wenye nazo kwenye Meza ya Bwana. Cyprian alikataa. Hoja yake haikuwa kwamba Mungu hasamehi. Alisema hakuna binadamu, hata shahidi, anayeweza kusamehe kosa aliloshitakiwa mtu mbele za Mungu mwenyewe, na kwamba jeraha likifunikwa bila kusafishwa litaoza kwa ndani.

Ikawa kwamba adui wa upande mmoja hatoshi. Huko Roma, mwaka 251, padre msomi Novatian alipinga kuchaguliwa kwa Cornelius kuwa askofu, naye akajifanya askofu wa pili. Msimamo wake ulikuwa mkali: walioanguka watubu, walie maisha yao yote, Mungu akipenda atawasamehe, lakini kanisa lisiwafungulie mlango hata wakiwa kitandani mwa mauti. Msimamo huo ulikuwa na heshima yake, na tusiufanyie mzaha. Wapo waliopoteza ndugu na mali kwa kukataa kafara. Kwa nini wakae benchi moja na aliyekimbilia uwanjani kabla jua halijatua?

Cyprian alimjibu kwa mfano ambao mkulima yeyote angeuelewa. Ni sawa, alisema, na kumwambia mtu lima kwa bidii zote, ila mavuno hutapata. Nani atalima? Ukimnyima mtu tunda la toba, umemnyang'anya toba yenyewe. Na ndugu aliyeumizwa vitani, aliongeza, hapitwi amelala njiani.

Maaskofu wa Afrika walikutana Carthage mwaka huo huo wa 251. Uamuzi wao, kwa maoni yangu, ulikuwa wa busara kuliko inavyosemwa. Hawakuwaweka wote kapu moja. Walionunua cheti bila kutoa kafara walipokewa baada ya kila mmoja kuchunguzwa. Waliotoa kafara waliwekwa katika toba ndefu ya hadharani, ya kufunga na kulia, na waliahidiwa amani wakikaribia kufa. Askofu au padre aliyeanguka angeweza kurudi, lakini kama muumini wa kawaida. Si muda mrefu baadaye, tishio la mateso mapya lilipoonekana, maaskofu 42 walikutana tena wakawafungulia watubu wote waliokuwa bado wanangoja. Sababu waliyoitoa ni ya kibinadamu kabisa. Utamtakaje mtu amwage damu yake kwa ajili ya Kristo huku umemnyima kikombe cha damu ya Kristo?

Ninachokiona kikubwa zaidi katika barua za Cyprian ni unyenyekevu wa hukumu yake. Kanisa, aliandika, halimtangulii Mungu. Likimpokea mtu ambaye toba yake ni ya kweli, Bwana atathibitisha. Likidanganywa na mnafiki, Bwana aonaye moyo atasahihisha. Cyprian mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258, enzi za Kaisari Valerian, na aliagiza mnyongaji wake apewe vipande 25 vya dhahabu. Kijembe cha Roma kilipata jibu.

Kanisa la Novatian halikufa haraka. Liliendelea kwa karne kadhaa, likijiita kanisa la walio safi. Mwanahistoria Socrates wa Constantinople anasimulia kwamba kwenye Mtaguso wa Nicaea mwaka 325, Kaisari Konstantino alimsikiliza Acesius, askofu wa kundi hilo, akieleza kwa nini hawashirikiani na wengine. Kaisari akamwambia atafute ngazi apande mbinguni peke yake. Mtaguso wenyewe ulikuwa mpole kuliko Kaisari. Uliamua kwamba mapadre wa kundi hilo wakitaka kurudi wapokewe na vyeo vyao, ila kwanza waahidi kwa maandishi kwamba watashiriki Meza moja na wale walioanguka wakati wa mateso.