Mfalme Lear na Wazee Waliotaka Kudanganywa

Tamthilia ya Mfalme Lear ya William Shakespeare tumezoea kuisimulia hivi: mzee alikuwa na mabinti watatu, wawili wabaya na mmoja mwema. Wale wabaya wakamdanganya, akawapa kila kitu, wakamtupa nje kwenye mvua. Hapo hakuna uongo, ila mzee mwenyewe anatoka kirahisi mno. Ukiisoma tena taratibu utaona kwamba soko la uongo ndani ya nyumba ile lilifunguliwa na baba.

Hebu tuanze mwanzo. Lear amechoka na kazi ya ufalme, anataka kuigawa nchi angali hai. Ramani iko tayari. Angeweza kugawa tu yakaisha. Badala yake anawataka mabinti waseme mbele ya baraza zima nani anampenda zaidi, na mapenzi makubwa yatalipwa kwa fungu kubwa. Goneril anapamba maneno. Regan anaongeza chumvi. Cordelia, kitinda mimba, anasema anampenda kama binti anavyopaswa kumpenda baba yake, basi. Na siku akiolewa, sehemu ya mapenzi yake itakwenda kwa mumewe. Jibu la kawaida kabisa. Kwa jibu hilo ananyimwa urithi, na mfalme wa Ufaransa anamwoa bila mahari. Kent, mtumishi mwaminifu, anapojaribu kumzuia bwana wake, naye anafukuzwa nchini.

Angalia kilichotokea katika onyesho hilo moja tu: waliodanganya wamelipwa, waliosema kweli wameadhibiwa. Goneril na Regan ni wabaya, hilo halina ubishi. Lakini kanuni ya mchezo hawakuitunga wao.

Pembeni kuna familia ya pili, ya mzee Gloucester. Ana watoto wawili wa kiume: Edgar, wa ndani ya ndoa, na Edmund, wa nje. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mtoto wa nje ya ndoa hakuwa na haki ya kurithi ardhi ya baba yake. Na kama hiyo haitoshi, tamthilia inapofunguliwa tu tunamsikia Gloucester akitania jinsi Edmund alivyopatikana, na kijana mwenyewe kasimama palepale.

Sasa tazama Edmund anavyofanya kazi yake. Anaandika barua kwa jina la Edgar. Baba anapoingia, anaificha haraka haraka, kwa namna ambayo lazima baba aione. Mzee anaidai, Edmund anasitasita. Ndani imeandikwa kwamba wazee wanashikilia mali kupita kiasi, na kwamba baba akiondoka wao ndugu wawili watagawana mapato nusu kwa nusu. Halafu Edmund anamtetea kaka yake! Anasema labda Edgar alikuwa anampima tu, baba asiwe na haraka. Baadaye anajikata mkono mwenyewe na kusema Edgar kamjeruhi.

Hiyo ndiyo hila ya mtu anayejua familia yake. Mwanzoni hatoi shutuma ya moja kwa moja. Anamwachia baba afike mwenyewe pale anapotakiwa kufika. Na Gloucester anafika mbio. Hamwiti Edgar amuulize hata swali moja, kwa sababu barua ile imesema jambo ambalo mzee mwenye mali hulihofia usiku: kwamba watoto wanahesabu siku zake. Lear alidanganywa kwa kile alichotamani kusikia, Gloucester kwa kile alichoogopa.

Barua ya pili inauma zaidi, kwa maana ni ya kweli. Gloucester amepata habari za siri kuhusu jeshi la Ufaransa linalokuja kumsaidia Lear, na anamwamini Edmund kiasi cha kumwambia. Edmund anaipeleka barua hiyo kwa Cornwall, mume wa Regan. Mzee anang'olewa macho nyumbani kwake mwenyewe, na hapo ndipo Regan anamwambia aliyemsaliti ni nani.

Hata wema wanaingia kwenye mkondo huohuo. Kent anarudi kumtumikia Lear akiwa amejibadilisha. Edgar anajifanya kichaa ili asikamatwe, kisha anamwongoza baba yake kipofu bila kujitambulisha. Mzee akitaka kujirusha kwenye jabali la Dover, Edgar anamsimamisha mahali tambarare na kumwaminisha kwamba yuko ukingoni. Anaanguka, anaambiwa amepona kwa muujiza. Nia ilikuwa njema. Lakini Edgar anapokuja kusema kweli muda umeshakwenda mno, na moyo wa mzee unashindwa kuhimili furaha na huzuni kwa pamoja. Katika nyumba ambayo ukweli umeshaadhibiwa, hata upendo hupita mlango wa nyuma.

Je, hofu hizi zilikuwa za jukwaani tu? Hapana. Mwaka 1603, huko Kent, mzee aitwaye Brian Annesley, aliyewahi kuitumikia kasri ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, alikuwa amedhoofika akili. Naye alikuwa na mabinti watatu. Mkubwa, Grace, pamoja na mumewe walitaka baba atangazwe hana akili timamu, ili mali itoke mikononi mwake. Mdogo aliandika barua kwa waziri Robert Cecil kumtetea baba yake asivunjiwe heshima uzeeni. Jina lake lilikuwa Cordell. Annesley alifariki mwaka 1604, Grace na mumewe wakaupinga wosia, wakashindwa. Kama Shakespeare aliisikia kesi hiyo, wasomi hawajakubaliana, na jina la Cordelia lilikuwepo kwenye hadithi hii karne nyingi kabla. Ila watazamaji wake waliishi katika dunia ambamo mzee mwenye shamba alikuwa na sababu ya kuwaangalia watoto wake kwa jicho la pembeni.

Tamthilia ilichezwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza tarehe 26 Desemba 1606, ikachapishwa mwaka 1608. Hapa kuna jambo linalosahaulika. Hadithi ya Lear ilikuwa ya zamani. Geoffrey wa Monmouth aliiandika katika karne ya 12, na tamthilia nyingine isiyo na jina la mwandishi ilichapishwa mwaka 1605. Kote huko mzee anarudishiwa kiti chake. Shakespeare ndiye aliyeuvunja mwisho huo: Cordelia ananyongwa gerezani, na Lear anakufa akiwa na maiti ya mwanawe.

Watu hawakuweza kuvumilia. Mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya: Lear anarudi madarakani, Cordelia anaolewa na Edgar, wema wanashinda. Toleo hilo ndilo lililotawala majukwaa ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 150. Hata Samuel Johnson, msomi mkubwa, alikiri katika toleo lake la mwaka 1765 kwamba kifo cha Cordelia kilimuumiza kiasi cha kuogopa kukisoma tena. Mwaka 1823 mwigizaji Edmund Kean aliurudisha mwisho wa huzuni, na mwaka 1838 William Macready akarudisha sehemu kubwa ya maandishi ya Shakespeare.

Yaani kwa vizazi kadhaa watazamaji walikaa kwenye kiti cha Lear. Walilipa kiingilio ili waambiwe kwamba baba akikosea, muda wa kurekebisha utakuwepo, na binti aliyefukuzwa atarudi akiwa mzima. Cordelia wa Shakespeare anarudi kweli, na anamsamehe baba yake bila sharti lolote. Lakini msamaha hauwarudishii muda. Saa chache tu baadaye ameshanyongwa, kwa amri iliyotolewa na Edmund, yule kijana aliyetaniwa mbele ya wageni na baba yake mwenyewe.