Harry, chui na swali la "mimi" au "yeye"

Kila nikikutana na wenzangu wanaojaribu kuandika hadithi, swali ni lile lile: nisimulie kwa "mimi" au kwa "yeye"? Wengi hulijibu kirahisi. Mimi ni ya karibu na msomaji, yeye ni ya mbali, basi. Walimu wetu wa fasihi wameliita nafsi ya kwanza na nafsi ya tatu, tukakariri, tukajibu mtihani, tukasahau.

Lakini hebu tutazame mlima wetu. Maana Kilimanjaro una hadithi mashuhuri kuliko mlima wowote Afrika, na imezaliwa kutokana na uamuzi huo huo.

Januari 1934 Mmarekani mmoja aliyekuja kuwinda, Ernest Hemingway, alishikwa na kuhara damu akiwa Serengeti. Ikaletwa ndege ndogo, ikambeba hadi Nairobi kutibiwa. Njiani aliuona Kilimanjaro dirishani. Alipopona alirudi kuwinda.

Safari hiyo aliiandika kwanza kwa "mimi". Kitabu kinaitwa Green Hills of Africa, kilitoka 1935, na mwenyewe alitangaza mwanzoni kwamba hakuna mtu wa kubuni ndani yake. Humo anawinda, anakunywa, anabishana kuhusu waandishi wenzake. Ugonjwa anautaja kwa mzaha. Mtu anayesema "mimi" huku akitaka kuonekana shujaa hana nafasi ya kuogopa mbele yetu. Nakiri kitabu hicho kilinichosha. Kuna "mimi" nyingi mno humo.

Agosti 1936 gazeti la Esquire likachapa The Snows of Kilimanjaro. Mambo ni yale yale: mwandishi, mke, kambi, ugonjwa, ndege. Ila sasa mwandishi anaitwa Harry, naye ni "yeye". Mwiba umemchoma gotini, hakutia dawa mapema, mguu unaoza. Amelala kitandani akimtukana mke wake na kukumbuka mambo yote ambayo hakuwahi kuyaandika kwa sababu alipenda starehe. Hapo ndipo Hemingway anajisema kweli. Kwa "mimi" alijisifu, kwa "yeye" akajianika. Kwa hiyo lile somo la shule kwamba "mimi" ndiyo ya karibu zaidi linanipa shaka.

Halafu kuna suala la kifo, ambalo ni la kiufundi kabisa. Asubuhi ndege inafika, Harry anapakiwa, rubani anasema watatua Arusha kuongeza mafuta. Badala ya kwenda Arusha wanakata kushoto, na mbele yao kinatokea kilele cheupe cha Kilimanjaro. Msomaji anashusha pumzi, mgonjwa kaokoka! Aya inayofuata bado ni usiku kambini, fisi analia, mke anaamka na kumkuta Harry ameshakufa. Ndege haikuja.

Jaribu kuiandika kwa "mimi" uone. Katika Kiswahili tofauti ni silabi moja tu: alikufa, nilikufa. Lakini hiyo ya pili nani ataisema, kama si mzimu? Nafsi ya tatu inaweza kukaa ndani ya kichwa cha Harry hadi pumzi ya mwisho, kisha ikatoka na kuhamia kwa mke.

Si kwamba haiwezekani. Euphrase Kezilahabi alijaribu mwaka 1974 katika Kichwamaji: Kazimoto anajisimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, naye anaishia kujiua. Tafuta kitabu usome utatuzi wake, sitakuharibia.

Sasa chui. Hadithi ya Hemingway inafunguliwa na maelezo mafupi ya mzoga wa chui uliokauka na kuganda karibu na kilele. Chui huyo hakubuniwa. Mchungaji wa Kilutheri aliyefanya kazi huku kwetu, Richard Reusch, aliripoti mwaka 1926 kwamba amemkuta ukingoni mwa Kibo, na inasimuliwa kwamba alimkata sikio kama kumbukumbu. Yaani chui alikuwa na shahidi, mtu wa kusema "nilimwona". Hemingway alimfuta shahidi akabakiza chui. Ndiyo maana anatisha: amelala kule juu peke yake na hakuna anayetueleza alifuata nini.

Ila mashahidi wengine nao wamefutika, na hapa ndipo ninapokwaruzana naye. Mwaka 1933, mwaka mmoja tu kabla ya ndege ile, Wachagga walikuwa wameunda KNCU, chama kikuu cha ushirika cha kuuza kahawa yao. Miteremko ilijaa vihamba, migomba, mifereji ya maji na watu. Katika hadithi hakuna hata mmoja wao. Mlima ni barafu, na barafu ni ya Harry. Huo si ulazima wa nafsi ya tatu. Msimulizi wa "yeye" anaweza kuingia kichwa chochote anachotaka, na huyu aliingia cha mke, hata kama ni mwishoni.

Aliyebaki nje ni Molo, mtumishi wa kambi. Ana jina, anaitwa, anaitikia, analeta wiski na soda. Usiku ule alikuwa pale. Hollywood walipotengeneza filamu mwaka 1952, akicheza Gregory Peck, walimhurumia Harry wakamponya kabisa. Molo yeye hatujui hata aliwaza nini alipokuwa akimimina soda.