Deni la Marehemu au Deni la Nyumba? Fedha za Ukoo wa Busaidi wa Zanzibar

Baba alipofariki, siku ya tatu ya matanga, mwenye duka mmoja wa Base Camp, hapa Nakivale, alikuja na daftari lake la madeni. Alikaa kwa adabu, akanywa chai, akasubiri watu wapungue ndipo akalifungua. Ukurasa wa baba ulikuwa na sukari, sabuni, betri za redio, mbegu za maharage na mabati manne. Jumla yake ilikuwa shilingi 340,000. Baba mdogo hakubishana na hesabu. Aliuliza neno moja tu, kwa Kiswahili chetu cha Kongo: “Hili ni deni la marehemu, ao ni deni la nyumba?”

Nilirudi chuoni Mbarara na swali hilo, na muhula ule ndio tuliosoma historia ya Zanzibar. Ukoo wa Busaidi husomwa zaidi kwa vita, mikataba na karafuu. Mimi nimejaribu kuusoma kama daftari la dukani. Hoja yangu ni kwamba katika ukoo ule hapakuwa na ukuta kati ya mfuko wa mtu, mfuko wa familia na hazina ya dola. Kila mmoja wao aliujenga ukuta huo alipotakiwa kulipa, na akaubomoa alipotaka kulipwa.

Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, akirudi Zanzibar kutoka Maskati. Aliacha watoto 36. Kuhusu mashamba, nyumba na fedha taslimu, sheria ya Kiislamu haina utata: madeni ya marehemu hulipwa kwanza, kisha wasia, ndipo warithi hugawana, mwanamume akipata mafungu mawili kwa moja la mwanamke. Lakini je, forodha ya Zanzibar nayo ni mirathi? Thuwaini alibaki Maskati, penye jina kubwa na mapato madogo. Majid akashika Zanzibar, penye fedha. Wakapatana kwamba Majid atapeleka Maskati riale 40,000 kila mwaka. Thuwaini alisema hiyo ni kodi anayolipwa na aliye chini yake. Majid alisema ni msaada wa ndugu kwa ndugu. Fedha ni zile zile, ila jina lake ndilo linaloamua nani mkubwa. Malipo yaliposimama, Thuwaini akaandaa merikebu za vita, na Waingereza wakaingia kati.

Uamuzi ulitolewa tarehe 2 Aprili 1861 na Lord Canning, mtawala wa Uingereza nchini India. Majid aendelee kutawala Zanzibar, alipe riale 40,000 kwa mwaka, na juu yake malimbikizo ya miaka miwili, yaani riale 80,000. Canning alieleza kwamba malipo hayo hayaiweki Zanzibar chini ya Maskati. Akaongeza kwamba si jambo la ndugu wawili peke yao, maana litawafunga na watakaowarithi, na kwamba lengo lake ni kusawazisha mirathi mbili zisizolingana zilizotoka kwa baba mmoja. Nimeirudia hoja hii mara nyingi na bado inanishangaza. Dola mbili zinatenganishwa kwa lugha ya kadhi anayegawa minazi! Mwalimu wetu alisema Canning alitafuta tu maneno ya kuupamba uamuzi wa kisiasa. Huenda ni kweli, lakini maneno hayo yaliwezekana kwa sababu wenye mali wenyewe walifikiri hivyo hivyo.

Majid angezitoa wapi riale hizo? Hapa ndipo daftari linanenepa. Masultani wa Zanzibar hawakukusanya ushuru wenyewe. Waliikodisha forodha kwa mfanyabiashara, ambaye aliahidi kiasi maalumu kwa mwaka na kubaki na kilichozidi. Kwa muda mrefu tangu miaka ya 1830, aliyeikodi alikuwa kampuni ya Jairam Shivji, Wahindi wa Kutch, na wakala wake maarufu kisiwani alikuwa Ludha Damji. Sultani alipohitaji vitambaa, silaha, fedha za msafara au gharama za arusi, alichukua kwa kampuni hiyo, na kiasi hicho kikakatwa kwenye kodi ya forodha ya mwaka ujao. Kwa hiyo kampuni moja ilikuwa mtoza ushuru, benki na duka la jumba la Sultani. Sukari ya nyumbani na baruti ya jeshi ziliandikwa ukurasa mmoja. Majid, aliyekuwa na Maskati ya kulipa na mji mpya wa Dar es Salaam wa kujenga, alikopa kila mwaka kuliko alivyopunguza.

Alipofariki mwaka 1870, kampuni ilidai zaidi ya riale 500,000. Ndugu yake Barghash ndiye aliyekalia kiti, na daftari likafunguliwa mbele yake. Barghash hakuwa na sababu ya kumpenda marehemu: mwaka 1859 alijaribu kumpindua, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Sasa anaambiwa amlipie mshindani wake nusu milioni. Angeweza kusema ni deni la marehemu. Lakini forodha ilikuwa mikononi mwa mdai, na mtawala mpya naye alihitaji kukopa. Upande wa pili, kampuni ilihitaji kubaki na forodha, na Barghash alijua wapo wengine wanaoitamani. Deni likapunguzwa sana na mkataba ukaendelea. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikaivunja mikarafuu ya kisiwa cha Unguja na kuzamisha merikebu za Sultani. Mwaka uliofuata Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na mzigo wa zile riale 40,000 za Maskati ukabebwa na serikali ya Waingereza ya India. Mwaka 1876 forodha ikaenda kwa Tharia Topan.

Jina hilo la mwisho linanigusa nyumbani. Ukoo wa mama yangu unatoka Kasongo, Maniema. Tharia Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip bidhaa za misafara, na pembe za ndovu zilizotoka kwetu zilitozwa ushuru forodhani Zanzibar. Walizibeba watu wa kwetu mabegani, wengi wao wakiwa watumwa. Katika vitabu najua Majid alidaiwa na nani, na Barghash alipunguziwa na nani. Wabebaji hawana ukurasa, ingawa deni la jumba lile lililipwa kwa migongo yao pia.

Sasa niingie kwa dada yao, Sayyida Salme. Alizaliwa mwaka 1844 Bet il Mtoni, na baba yao alipokufa alipata fungu lake: shamba lenye nyumba, na fedha. Mwaka 1859, akiwa na miaka kama 15, aliwaandikia waasi wa Barghash barua, kwa kuwa alijua kuandika. Baadaye alipatana na Majid, na kwa Barghash kosa hilo lilikuwa kubwa. Mwaka 1866 aliondoka akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa. Mume alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu. Mtoto wa Sultani akawa anafundisha Kiarabu Ujerumani ili apate kodi ya nyumba.

Alidai mafungu yake katika mirathi ya ndugu zake waliokwisha kufa. Barghash alikuwa na jibu rahisi la kisheria: aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu. Ni jibu la familia. Lakini tazama wengine walivyolitumia dai hilo. Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alimfuata. Sir Bartle Frere akamshauri asimwone kaka yake, akimtumainisha kwamba watoto wake wataangaliwa. Mgeni alipoondoka, akaambiwa yeye ni raia wa Ujerumani, kwa hiyo Uingereza haihusiki. Mwezi Agosti 1885 Wajerumani wakamchukua hadi Zanzibar pamoja na manowari zao. Dai la mama mjane likawa kisingizio cha kumbana Sultani akubali himaya ya Wajerumani bara. Barghash alikubali himaya, na dai la Salme likasahauliwa. Alirudi tena mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufariki, na bado akaondoka mikono mitupu. Alifia Jena mwaka 1924.

Naona ugumu katika hukumu yangu mwenyewe. Kisheria Barghash alikuwa na haki, nami simhukumu kwa dini yake. Ninachomdai ni ulinganifu. Kwa Jairam Shivji alikubali kwamba mfuko wa Majid na hazina ni kitu kimoja. Kwa dada yake akasema mirathi ni mirathi tu.

Wasomaji wa Mbarara hawahitaji kwenda Zanzibar kuliona jambo hili. Panda Kamukuzi ulitazame jumba la Omugabe wa Ankole. Falme zilifutwa mwaka 1967. Mwaka 1993 sheria ikaruhusu watawala wa jadi kurudishiwa mali zao, lakini ufalme wa Ankole haukurudishwa. John Barigye alitawazwa mwaka huo na serikali ikabatilisha. Je, jumba lile ni la familia au la ufalme? Mvua inanyesha juu yake wakati wanasheria wanafikiri.

Kwetu, baba mdogo na mwenye duka walikaa hadi jioni. Mabati yako juu ya paa letu, mbegu zilikwisha pandwa, sabuni na sukari tulitumia wote: hayo yakawa ya nyumba. Betri zikabaki za marehemu, na mwenye duka akazifuta mwenyewe, maana alitaka tuendelee kununua kwake. Akafungua ukurasa mpya, akamuuliza mama jina lake linaandikwaje.