Ngoma za Bweranyange na Tuni za Gemu

Mwishoni mwa Novemba 1861, msafiri Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika kwa Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Baadaye Speke aliandika kitabuni habari za sherehe ya mwezi kuandama: ngoma zimepangwa chini kwa safu, wapigaji wamesimama nyuma yake. Tunaziona ngoma. Hatuzisikii. Kitabu hakikuacha hata pigo moja ambalo kijana wa Kayanga au Nkwenda angeweza kulijaribu leo.

Tuni ya Super Mario Bros. ina bahati kuliko ngoma hizo. Koji Kondo aliitungia gemu iliyotoka Japani mwaka 1985, kwa mashine yenye njia tano tu za sauti: tatu za kubeba tuni, moja ya mchakacho uliotumika kama ngoma, na moja ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Nafasi ndani ya kaseti ya gemu ilikuwa finyu, hivyo tuni ilibidi iwe fupi na ijirudie bila kuchosha. Aliyekulia karibu na enanga hatashangaa. Chombo hicho cha Wanyambo na Wahaya, mti uliochongwa kama kihori na kamba moja iliyopitishwa huku na huku hadi ikawa nyuzi saba au nane, nacho huzungusha sauti chache zilezile huku mpigaji akisimulia habari za mashujaa.

Ila kazi ya Kondo imebaki nzima ndani ya kaseti. Mashabiki huzima njia moja baada ya nyingine, wakasikiliza besi peke yake, kisha wakaipiga upya kwa gitaa, kwa piano, hata kwa okestra. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza tuni hiyo katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa, ya kwanza kutoka kwenye gemu.

Kiswahili kiliingia katika historia hii mwaka 2005, kwa mlango wa kanisa. Soren Johnson, mbunifu mkuu wa Civilization IV, alimwomba Christopher Tin, aliyeishi naye chumba kimoja chuoni Stanford, atunge muziki wa kufungulia gemu. Tin akachukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ikaimbwa na Talisman, kikundi cha chuo hicho. Sikio la mwenyeji hugutuka kidogo: “yetu” inarudiwa mahali ambapo hakuna anayesali angeirudia. Sioni kosa, kwaya zetu nazo huvuta maneno zikitafuta mapigo. Wimbo huo, “Baba Yetu”, ulirekodiwa tena katika albamu ya 2009, na Februari 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata Grammy. Kwaya za nchi nyingi zimeuimba upya, maana noti zake zipo.

Kagera, mkoa ilipo Karagwe, nayo imeona wimbo ukitengenezwa upya. Mwimbaji wake Saida Karoli alirekodi wimbo “Maria Salome” mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautengeneza upya kama “Salome”, ukachezwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa Saida aliporekodi wimbo wake.

Msomaji wa Kaisho, Murongo au Nyaishozi mwenye babu anayeshika enanga, simu iliyo mfukoni mwako inatosha. Rekodi nyuzi peke yake kwanza, kisha pamoja na masimulizi, na umwombe akuonyeshe anavyozikaza.