Inang'aa Juu, Imeoza Chini: Historia ya MGB na Jinsi Inavyowaliza Wanunuzi Wapya

Kijana wa Uingereza akishika mkwanja wake wa kwanza wa maana na kutaka gari la kizamani la kutesea wikiendi, mara nyingi jicho lake linaangukia MGB. Ni dogo, lina viti viwili, paa linakunjwa, na kwenye picha linatoka bomba. Bei yake pia haitishi kama ya Jaguar E-Type. Lakini hapo hapo ndipo wengi wanapolizwa, maana gari hili linajua kudanganya. Kuelewa linadanganyaje, inabidi kurudi nyuma kidogo.

MG kirefu chake ni Morris Garages, biashara ya magari ya mjini Oxford. Miaka ya 1920 meneja wake, Cecil Kimber, alianza kuyavalisha magari ya kawaida ya Morris bodi za kimichezo. Watu wakayaelewa, na 1929 kazi ikahamia mji mdogo wa Abingdon. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na madeni na ilizitaka dola kwa udi na uvumba, kwa hiyo viwanda vikasukumwa kuuza nje. Wamarekani wakazipenda MG. Ndiyo maana MGB ilipotoka 1962, nyingi zilipanda meli kwenda Marekani.

Sasa siri iko hapa. Gari lililotangulia, MGA, bodi yake ilikaa juu ya chesisi. MGB haina chesisi ya namna hiyo, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Nafasi ya ndani ikaongezeka na gari likawa imara. Ila kutu ikiingia, haili nguo tu, inakula mfupa. Na inapopenda zaidi ni kwenye vizingiti, yaani lile bati la chini ya milango, pande zote mbili. Vizingiti vikioza, gari linaanza kulegea katikati.

Fundi mjanja anaziba mashimo, anapiga rangi nyekundu, anang'arisha rimu za spoku, mchezo umeisha. Mnunuzi mgeni anaona kioo, kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Anayejua kazi yake haanzi na rangi. Anakuja na sumaku ndogo aliyoifunga kitambaa, anaipitisha kwenye vizingiti. Isiponata, hapo hakuna bati, kuna dongo la kuzibia. Kisha anaangalia uwazi kati ya mlango na bodi. Gari likipandishwa jeki na uwazi ule ukabana, au mlango ukagoma kufunguka, anaaga kwa heshima na kuondoka. Kuchomelea vizingiti vipya kiuhalisia ni kazi kubwa, na bili yake inaweza kuzidi bei ya gari.

Injini ni habari nyingine. Ni ya silinda 4, ujazo wa cc 1798, ngumu na rahisi kutengeneza. Ikichoka inafunguliwa, vipuri vipo. Umeme unasumbua, lakini mara nyingi tatizo ni waya zilizozeeka na viungo vilivyoshika kutu. Rimu za spoku nazo zikaguliwe meno ya katikati, yakiisha gari linagonga "ka!" kila likianza kuondoka.

Halafu kuna ubishi wa bampa. Mwishoni mwa 1974, sheria za usalama za Marekani ziliilazimisha MGB kuvaa bampa kubwa nyeusi za mpira na kuinuliwa juu zaidi. Mashabiki walinuna, kwa sababu gari lilianza kulala kwenye kona. Mpaka leo zile za bampa za kung'aa zina bei zaidi. Kwa mwenye bajeti ndogo hiyo ni nafuu yake: ya mpira yenye bodi nzima inaipita mbali ya kung'aa iliyooza.

Mwisho wa kiwanda uliuma. Septemba 1979 watu wa Abingdon walisherehekea miaka 50 ya MG mjini kwao. Sherehe haijapoa, Jumatatu wakatangaziwa kiwanda kitafungwa. Oktoba 1980 milango ikafungwa kweli, baada ya MGB zaidi ya 500,000 kutengenezwa. Watu waliokuwa wakiziunda kwa mikono yao wakarudi nyumbani bila kazi.

Lakini gari halikufa. Mwaka 1988 bodi mpya za MGB zilianza kutengenezwa tena Uingereza, na vipuri karibu vyote vinapatikana mpaka leo. Hiyo ndiyo sababu MGB bado ni chaguo zuri kwa anayeanza, akienda kwa akili: anunue bodi kwanza, injini baadaye, rangi mwisho kabisa. Amlipe fundi asiyemjua muuzaji alale chini ya gari aliangalie. Na asimalize hela yote siku ya kununua, abakize ya matengenezo ya mwaka wa kwanza.

Muuzaji akikataa gari lipandishwe jeki, jibu limeshapatikana.